Mama hajui kununua tokeni mwenyewe, nyinyi mliwafundisha wazazi wenu aje kutumia simu?

Mluanda_Nakuru

Habari zenu wadau. Mimi naishi Nakuru huku upande wa Kaptembwo lakini nyumbani ni Luanda kule Vihiga, na huko ndio mama yangu anaishi, peke yake tangu mzee atuache. Ana miaka 67. Naomba mawazo yenu juu ya hii kitu imenikaa kwa roho wiki mbili sasa.

Iko hivi. Stima ya nyumbani ni ya tokeni. Tangu tuwekewe mita mimi ndio nanunua nikiwa huku, meseji inaingia kwa simu yangu, alafu nampigia mama namsomea zile namba 20, nne nne, yeye anaziandika kwa karatasi, karatasi ikikosa anaandika ukutani na mkaa, kisha anaenda kubonyeza kwa kile kisanduku. Miaka yote hiyo nilikuwa naona ni sawa, hata nilikuwa najisikia vizuri, mtoto anasaidia mzazi. Sasa mwezi jana akanunua vifaranga 40, akawatengenezea kona jikoni na balbu ya kuwapa joto. Usiku mmoja kwenye saa tatu tokeni ikaisha. Mimi nilikuwa shifti ya usiku na mahali nafanya kazi simu zinaachwa getini. Alinipigia mara 14, nilizihesabu asubuhi nikitoka. Kulikuwa na mvua na ile baridi yake, akawafunika na leso na gunia akakaa nao hapo chini, lakini kufika asubuhi 23 walikuwa wamekufa, wamerundikana mmoja juu ya mwingine wakitafuta joto.

Na kwa M-Pesa yake kulikuwa na shilingi 640. Pesa iko, simu iko, chaji iko. Mtu wa kubonyeza ndiye hakuwa.

Jumapili iliyofuata nikajaribu kumfundisha kwa simu na tukaishia kukosana. Namwambia kufungua M-Pesa bonyeza nyota, tatu, tatu, nne, alama ya reli (#), ananiuliza nyota iko wapi, nikapandisha sauti, na sijawahi kumpandishia mama sauti. Akaniambia tu "wacha mwanangu, hizi vitu ni zenu" na akakata.

Kuna kitu kingine pia. Mwaka jana alikuwa anampa kijana wa jirani simu amtolee pesa, na namba ya siri akamwambia. Ile pesa ilikuwa inatoka mia mbili, mia tatu, kidogo kidogo, mpaka tukashtuka imeenda 3,200. Tangu siku hiyo simu ikimwambia weka namba ya siri anaifunga kabisa.

Simu yake ni kabambe, ile ya vidude vya kubonyeza. Nilikuwa nafikiria nimnunulie ya tachi lakini ndugu yangu anasema ni kutupa pesa. Mliwafundisha wazazi wenu aje? Ama niendelee tu kumfanyia, nitafute jirani mwaminifu wa kushika hiyo kazi nikiwa sipatikani? Nawaomba jibu la ukweli.

---

Wakala_Kondele

Pole sana omera, na umpe mama pole zangu. Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Kondele, Kisumu, mwaka wa tisa sasa, na nikwambie nusu ya kazi yangu sio pesa, ni kusomea watu meseji zao. Mtu mzima anakuja, ananyoosha simu kwa dirisha na kabla sijasalimia amenitajia pini kwa sauti, foleni yote inaskia. Nimewaambia mpaka nimechoka, hata wakala hafai kujua pini yako, kutoa pesa mwenye simu ndio anabonyeza mwenyewe, mimi kazi yangu ni kuona kitambulisho na kuhesabu noti.

Sasa hii ndio njia imefanya kazi kwangu. Tumia shilingi kumi. Kutuma kuanzia mia moja kushuka chini haikatwi kitu, kwa hivyo unamtumia mama kumi, yeye anakurudishia kumi, unamtumia tena anarudisha tena, mpaka vidole vyake vizoee. Hata akikosea namba akatuma kwa mtu mwingine, ni kumi tu imeenda, na hapo hapo mnajifunza kupeleka ile meseji kwa 456 kuomba irudishwe. Hofu yake inaisha akishaona kosa lenyewe linafanana aje.

Ya pili, na hii vijana wengi hamuijui. Zile namba za kuanza na nyota, kama *334#, ukikawia inajifunga yenyewe. Wewe unabonyeza haraka hujawahi kuona. Mzee anasoma polepole, anatafuta kidude, akiinua macho imepotea, na yeye anadhani ameharibu simu ama pesa imeenda. Kulikuwa na mama mmoja muuza omena hapa, alikaa mwaka mzima akiamini amewahi kuharibu laini yake hivyo. Nilimwambia pesa haiwezi kutoka kabla hujaweka pini, ikijifunga anza upya, hata mara ishirini, hakuna kitu imepotea. Akakaa kimya kidogo alafu akaniuliza "kwa nini hamkuniambia hivyo kitambo?" Siku tatu za soko alikuwa anatuma mwenyewe.

Ya tatu, badilisha lugha. Ukiingia *334#, kwa ile sehemu ya "My Account" kuna mahali pa kuchagua Kiswahili. Mtu anafundishwa mara mbili kwa wakati mmoja, simu na Kiingereza, alafu tunasema ana kichwa ngumu.

Na wewe usiguse hiyo simu. Kalia mikono yako ikibidi.

---

NyarNam_Ksm

Mimi nina neno moja tu, macho. Mama yangu tulimuona mvivu wa kujifunza karibu miaka miwili kumbe haoni herufi kwa ile skrini ndogo na alikuwa anaona aibu kusema. Tulimnunulia miwani ya kusomea, siku hiyo hiyo akaanza kusoma meseji kwa sauti, zile za zamani zote, hadi za 2019, alikuwa hajawahi kuzisoma. Mpe mama yako mstari mmoja wa Biblia asome kwanza kabla ya kumpa simu.

---

Mwalimu_Kakamega

Mwanangu, mimi nimestaafu ualimu na nina miaka 64, kwa hivyo mama yako ni rika langu na nitakujibu nikiwa upande wake.

Unasema hajui. Hebu fikiria vizuri kitu umeandika wewe mwenyewe. Huyu mama ameandika namba 20 za kuskia kwa simu, netiweki ikikatika katika, miaka na miaka, akaenda gizani akazibonyeza na stima ikarudi. Umewahi kuskia amekosea? Mtu kama huyo ni mtu wa namba. Kile hajawahi kupewa ni nafasi ya kuanza mwanzo mwenyewe, yaani ile sehemu ya kununua, wewe uliishika ukaenda nayo Nakuru.

Watoto wangu walikuwa hivyo. Nikishika simu tu, "lete mama nikufanyie". Wanaichukua, kidole kinapita kama umeme, "haya imeenda". Nilikuwa narudishiwa simu yangu na sijui ni nini imefanyika ndani yake. Mtu niliyefundisha watoto wa darasa la kwanza kushika penseli, kidole kwa kidole, nikawa mtu wa kusema "ngoja watoto waje". Niliumia sana na sikusema, na nadhani mama yako ni hivyo hivyo, ile "hizi vitu ni zenu" sio kukataa, mwanangu, hiyo ni mtu ameumia.

Mimi kilichoniamsha ni Novemba 2024. Mnakumbuka mita zote za tokeni zilitakiwa zifanyiwe upya kabla ya tarehe 24? Nilisoma gazetini sababu yake nikaipenda. Hizi mita za aina hii, hadi za nchi zingine, kila tokeni ina hesabu ya dakika ndani yake, dakika zilizopita tangu 1993, na mahali pa kuweka hiyo hesabu palikuwa panajaa, zaidi kidogo ya dakika milioni 16. Ikishajaa mita haitakubali tokeni mpya. Kwa hivyo ukinunua ulikuwa unapewa mafungu matatu ya namba 20, mawili ya kufanya mita upya na la tatu ndio stima yenyewe. Namba 60. Kijana wangu alikuwa Mombasa akaniambia nisiguse mpaka Krismasi akija. Krismasi! Na tarehe ilikuwa inakaribia.

Nilikaa mezani na taa ya kandili. Nikachukua daftari, nikapiga mistari na rula, nikaandika fungu la kwanza nne nne, nikaacha nafasi, la pili, nikaacha nafasi, la tatu. Nikazisoma tena nikilinganisha na simu, moja moja, kwa kalamu nyekundu. Kisha nikaenda kwa kisanduku nikaanza. Fungu la kwanza likakubali. La pili nilikosea katikati likakataa, nikarudia. La tatu likaingia na unit zikaonekana. Nilisimama hapo nikipapasa ukuta, mikono inatetemeka, na nilikuwa peke yangu kwa nyumba. Tangu usiku huo hakuna mtu ananishikia simu.

Kwa hivyo mnunulie daftari. Hatua aandike yeye kwa mkono wake na kwa maneno yake, kwa Kinyore kama anataka, sio wewe umuandikie. Nyota anaweza kuichora. Alafu umuombe msamaha kwa ile sauti uliyopandisha, uso kwa uso, kabla ya somo lolote.

---

Nafula_Bgm

Nawaheshimu wote hapo juu hasa mwalimu, lakini naona kuna kitu tunakiruka. Tunaongea ni kama shida ni mama hajui. Mimi nauliza, kwa nini mama wa miaka 67 alazimike kujua, na asipojua vifaranga vinakufa? Kila kitu kimehamishiwa kwa simu na njia ya zamani imefungwa kabisa. Kulipa bili, shamba, kitambulisho, mbolea ya serikali ni meseji, hospitali ni meseji, na hakuna mtu aliwauliza wazee kama wako tayari.

Niwape yangu. Kukhu wangu, yaani nyanya yangu, ana miaka 81, mwaka huu nilimpeleka hospitali moja huku kwetu, siitaji. Tulifika saa moja asubuhi. Akaambiwa weka kidole. Kidole kikakataa. Kile kingine, kikakataa. Vyote kumi, wakampaka mafuta, wakampangusa na spiriti, vikakataa. Mnajua ni kwa nini? Jembe. Mistari ya vidole imeisha, miaka sitini ya kulima, imesuguliwa hadi ngozi ni laini kama kijiko. Mashine inasema huyu mtu simjui, na amesimama hapo na kitambulisho mkononi, picha ni yake, jina ni lake, mimi mjukuu wake niko hapo. Tuliondoka saa tisa. Hapo utamfundisha kukhu nini? Ataota mistari mipya?

Na hata wale wanajua kila kitu, sistimu ikilala tunakuwa sawa tu na kukhu. Julai 2023 eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa watu wangapi walikwama na walikuwa na simu za maelfu mfukoni? Agosti tarehe 25 mwaka huo huo nchi nzima ikakosa stima usiku, hadi uwanja wa ndege Nairobi ukawa giza.

Kwa hivyo mimi nasema mfundishe ndio, sipingi, lakini pia mwekee njia ya kurudi nyuma. Mama zetu walikuwa wanalea vifaranga kabla ya balbu kufika. Unachukua jungu ama jiko, unaweka makaa yaliyoshika vizuri, unazungushia kadibodi, dirisha unaacha wazi kidogo kwa sababu ya ile hewa yenye sumu ya makaa, na vifaranga vinakaa hadi asubuhi. Nina hakika mama yako anajua hii kuliko mimi. Siku hiyo alikuwa na makaa? Pengine hakuwa nayo kwa sababu balbu imeingia na tumeacha kuweka makaa ndani ya nyumba. Hiyo ndio inanisumbua mimi.

---

Wakala_Kondele

Nafula umesema ukweli na ya kukhu imenigusa, hapa pia naona wazee wavuvi mikono imekatwa katwa na kamba za nyavu, vidole havisomeki. Hiyo lazima kuwe na njia nyingine na wahudumu wasimsimamishe mtu hivyo, mimi niko na wewe kabisa.

Lakini kidogo nipingane hapo kwa "hakuna mtu aliwauliza". Kwa M-Pesa naona watu wa kawaida ndio waliiongoza. Ilipojaribiwa 2005 ilikuwa ni ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu, hiyo ndio ilikuwa mpango. Watu wenyewe wakaanza kutumiana pesa, huyu anatumia mke, huyu analipa deni, na ilipofunguliwa rasmi Machi 2007 ikawa ni ya kutumiana. Na hakukuwa na shule ya kufundisha. Mtu alikuwa anafundishwa na wakala dirishani, ama na jirani, polepole, mara kumi kumi. Hao wenye walifundishwa hivyo mpaka leo wanajua. Wale walioachwa ni wale ambao kulikuwa na mtoto karibu wa kuwafanyia. Nimeiona kwa miaka tisa. Mjane hana mtoto karibu, anajua simu. Mama ana watoto watano wazuri wenye kazi, hajui hata kuangalia balansi.

---

Tuff_Section58

Mimi ni boda hapa Nakuru. Nisiongee mengi. Mwaka jana nilinyang'anywa simu usiku, nikabaki na pikipiki haina mafuta. Nikaenda kwa askari wa geti moja nikaomba simu nipige. Nikaishika nikasimama. Sikuwa najua namba ya mtu yeyote. Ya mke wangu sijui, ya mwenye pikipiki sijui, ya ndugu yangu tumelala kitanda kimoja miaka kumi sijui. Namba moja tu ilikuja, ya mama, juu yeye hakuwahi kubadilisha laini na nilikuwa naipiga kwa simu za kibanda nikiwa mtoto. Mama yuko Butere, saa tano usiku, ndio aliamka akaanza kupigia watu mmoja mmoja kutoka kwa kile kijitabu chake cha namba mpaka mtu akanifikia.

Kwa hivyo kaka usimuone mama ako nyuma sana. Hicho kijitabu mwambie asitupe. Mimi sasa namba tano nazijua kwa kichwa.

---

Imali_Mbale

Kuhusu ya tachi. Mimi naona ungoje. *334# haitaki bando, kabambe inakaa na chaji siku tatu nne, na vidude vyake unavishika hata gizani. Tachi unaigusa kidogo imeruka mahali hukutaka, mtu wa kuogopa anaogopa zaidi.

Lakini shangazi yangu alinishinda kwa hii maneno. Alipewa tachi ya zamani na binti yake, pesa hata hakutaka kuskia, ila alitaka nyimbo za kwaya yao. Akajifunza ujumbe wa sauti wa WhatsApp juu ya hizo nyimbo, kila jioni wanatumiana sauti ya pili na ya tatu na wamama wenzake, ukipita nje unaskia anaimba na simu. Miezi kama mitatu hivi ndio akaniuliza mwenyewe, na pesa inatumwa aje? Kwa hivyo angalia mama yako anapenda nini, uanzie hapo. Na kama ana chama cha wamama mwambie mwenzake mmoja amfundishe. Mwanamke wa chama hawezi kumpandishia sauti vile wewe ulifanya.

---

Mluanda_Nakuru

Wadau nimerudi, asanteni sana, nimesoma kila neno na nyingine nimesoma mara mbili. Niliomba siku tatu kazini nikaenda nyumbani wiki iliyopita. Nilibeba daftari, rula, na miwani mbili tofauti ajaribu.

Kwanza nilimuomba msamaha. Alikuwa anapepeta maharagwe, hakuniangalia, akasema "nilidhani umesahau". Akaendelea kupepeta. Hiyo ilitosha.

Miwani ya kwanza alivyovaa akaangalia mikono yake mwenyewe muda mrefu, alafu akachukua simu. NyarNam Mungu akubariki.

Jioni tukaanza ya shilingi kumi. Mwalimu, aliandika daftari mwenyewe na nyota aliichora kama jua, na alama ya reli akaiandika "uzio". Mara ya kwanza ikajifunga kabla hajamaliza, akashtuka akaiweka mezani kama imemchoma. Nikamwambia vile wakala alisema, pesa haitoki kabla ya pini. Ya pili ikajifunga, ya tatu pia. Mara ya nne ikamuuliza namba ya siri na hapo akasimama, kidole gumba kiko juu ya kidude hakishuki. Nikakumbuka yule kijana. Tukaacha kwanza, tukaenda kubadilisha pini, nikamwambia chagua yako, isiwe mwaka wa kuzaliwa, na mimi nikageuka nikaangalia mlango mpaka aliposema amemaliza. Kumgeukia mgongo ndio ilisaidia kuliko maneno yote niliyowahi kusema, alikaa tofauti baada ya hapo, hata bega zilishuka. Ile kumi ikaingia kwa simu yangu saa moja na dakika kumi usiku. Nimeihifadhi hiyo meseji.

Kesho yake ni tokeni. Lipa na M-Pesa, namba ya biashara 888880, hiyo aliandika kubwa ukurasa mzima. Ikamuuliza namba ya mita na mimi nikaanza kutafuta kwa simu yangu mahali nimeihifadhi. Akaanza kubonyeza. Nikamuuliza unajua? Akanitajia namba zote 11 bila kuangalia popote. Anaiona kila siku kwa kile kisanduku, miaka hii yote. Mimi niliyekuwa nanunua siijui. Alinunua ya mia moja, meseji ikakuja kwa simu yake yeye, akaiandika nne nne kwa daftari, akaenda.

Na Nafula, nilimuuliza ya makaa. Ulikuwa sahihi, hakukuwa na hata debe. Tulienda sokoni Luanda tukanunua gunia, na akanionyesha vile nyanya yangu alikuwa anapanga jungu na majivu juu ya makaa yasiishe haraka, kitu sikuwa nimewahi kuona. Wale 17 waliobaki wameanza kuota manyoya ya mabawa.

Bado hajui kuangalia jina la mtu vizuri kabla hajatuma, anaharakisha hapo, tutaendelea. Na tachi nimeacha kwanza.

Sasa shida mpya. Nimegundua ile laini yake iko kwa jina langu, niliisajili na kitambulisho changu zamani nikiwa na haraka. Nikituma pesa inaandika jina langu. Pini ikijifunga siku moja atahitaji mimi tena, na tutakuwa tumerudi pale pale. Hii inabadilishwa aje?

---

Wakala_Kondele

Hongera kwa mama! Kumgeukia mgongo akiweka pini, hiyo nitaanza kuwaambia watu hapa dirishani.

Ya laini lazima muende wawili, kwa duka la kampuni ya simu yenyewe, sio kwa wakala kama mimi, wewe na kitambulisho chako na yeye na chake, mseme mnataka kuhamisha umiliki. Kabla ya kwenda bonyeza *106# kwa simu yako uone laini zote ziko kwa jina lako, unaweza kupata zingine hukumbuki. Na pesa iliyo kwa hiyo laini aitoe ama aitume kwingine kwanza ibaki sufuri. Pia andikeni kando namba zote zilizohifadhiwa ndani ya simu kabla ya kwenda, kwa lile daftari.

Wakiita mhudumu, wacha yeye ndiye aongee. Na ubebe kitambulisho chenyewe, sio picha yake kwa simu, nimeona watu wakirudishwa kutoka mbali juu ya hiyo.